Kumi na Nne au Kumi na Tisa

Mwanamke aliyechora visiwa ishirini na sita kwa mkono wake hakuwahi kukanyaga hata kimoja. Ukilisema haraka linachekesha, na wenzake ofisini walilicheka miaka nenda miaka rudi. Walimwita Mama Mstari, kwa sababu mstari wake haukuyumba hata alipokuwa na mimba ya miezi minane, tumbo likigonga meza. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya meza ya kioo yenye taa chini yake, kupokea madaftari ya wapima ardhi yaliyolowa chumvi na jasho, na kuyageuza makorokocho yale kuwa ramani safi. Wapima walikwenda, yeye akabaki. Walirudi wameungua jua, wakamwachia madaftari, wakaondoka tena.

Basi alipostaafu, wenzake walikaa wakaona kumpa saa ya ukutani kutakuwa ni kumtukana. Wakamlipia safari ya kisiwani, pori tupu, hema na jiko dogo la gesi, hakuna hoteli wala duka wala mtu. Yeye achague tu kati ya visiwa viwili, kwa kuwa boti huenda huko mara moja kwa mwaka, bahari inapotulia, na kila boti ina kisiwa chake. Jibu lilitakiwa kabla ya Ijumaa adhuhuri. Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi mwenyewe hakuwa na mume wa kumfikiria.

Jumatatu alikwenda kwa wakala wa safari, chumba kimoja juu ya duka la viatu, feni inazunguka kwa kulalamika. Mwanamke wa pale, miwani ikining'inia kifuani kwa mnyororo, alimtandazia vipeperushi viwili akaanza kuvisifu visiwa kwa majina matamu ya kibiashara. Mama Mstari akamkatiza.

“Hiki ni Kumi na Nne,” alisema, akigusa karatasi ya kwanza. “Na hiki ni Kumi na Tisa.”

“Mama, sisi hatuna namba hizo.”

“Sisi tunazo.”

Ofisini kwao visiwa viliitwa kwa namba za karatasi zake, hakuna aliyehangaika na majina. Mwanamke wa safari hakubisha. Alifungua droo, akatoa picha kubwa ya mlima wa kijani uliochomoza baharini, mawingu yameukalia begani. “Haya, na hiki ni namba ngapi?”

Mama Mstari aliishika picha, akaiinamisha, akaisogeza mbali na macho. “Hiki sikijui.”

“Ndiyo hiyo Kumi na Nne yako, mama.”

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Miezi saba alikichora kisiwa kile. Kila kona ya kijito chake aliijua, angeweza kukichora amefumba macho. Lakini alikijua kutoka juu tu, na ubavu wake hakuwahi kuuona. Alikuwa kama mzazi aliyeshindwa kumtambua mwanawe mlangoni kwa kuwa siku zote amemwona utosini. Akaendelea kuishika ile picha, na mwanamke wa safari, ambaye kwa kazi yake alijua kusoma nyuso, akamsogezea kiti.

Tuseme ukweli: alikitaka. Alikitaka tangu ujana wake, kwa tamaa ambayo hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu mtu mzima haoni fahari kusema anakililia kisiwa. Kulikuwa na ghuba ndogo upande wa kaskazini aliyoichora mara tatu kwa kuwa wino ulitambaa. Kulikuwa na ndege wanaotaga chini, kwenye majani, hawamjui binadamu wala hawamkimbii. Na kulikuwa na ule mchanga. Ramani huonyesha mchanga kwa nukta, na nukta hazisemi rangi. Miaka thelathini na moja alikuwa akijiuliza kama mchanga ule ni mweupe, au wa kahawia, au mweusi kama ule wa visiwa vya volkano, na picha aliyoshika iliishia kwenye miti.

Kisha akavaa miwani akasoma kipeperushi cha pili. Kumi na Tisa: miamba, upepo, nyasi za kufika magotini, utulivu usio na mfano. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: Kisiwa hakina maji. Kila msafiri abebe ya kwake.

Alisoma maneno yale matatu ya mwanzo mara mbili. Yalikuwa yake. Aliyaandika kwa mkono wake pembezoni mwa karatasi ya Kumi na Tisa miaka ishirini na tisa iliyopita, na watu wakaendelea kuyanakili mpaka yakamfikia tena hapa, juu ya duka la viatu. Alikunja vipeperushi vyote viwili, akavitia mkobani, akaaga.

Mumewe alikuwa dirishani alipofika nyumbani, kwenye kiti chake cha magurudumu, anahesabu magari. Alikuwa mpima ardhi, na ofisi nzima ilimwita Hatua, maana hatua zake mia zilikuwa mita themanini kamili, mlimani au tambarare, ameshiba au ana njaa. Mwaka juzi kiharusi kilimpitia, kikamchukua mguu na mkono wa kushoto. Ulimi kiliuacha. Mwenyewe husema kiliuogopa.

“Umeviona?” aliuliza.

“Nimeviona.”

“Kumi na Nne kina maua msimu huu. Ya njano, mpaka kileleni.”

“Hukuwahi kuniambia kuna maua.”

“Maua hayaingii kwenye daftari, bibie,” alisema, akarudi kwenye magari yake. Kuhusu Kumi na Tisa hakusema kitu. Mama Mstari alingoja, akapika, wakala, akangoja tena, na mzee hakusema kitu.

Kisa cha Kumi na Tisa kilikuwa hivi. Wakati ule walikuwa wameoana miaka miwili. Hatua alirudi kutoka kisiwani amekonda, midomo imepasuka, na ndani ya daftari lake kulikuwa na kiduara kidogo na neno moja: chemchemi. Aliiona jioni ya siku ya mwisho, akaipima kutoka kituo kimoja cha kupimia, na asubuhi boti ikaja mapema kumchukua. Kanuni ya ofisi ilikuwa haina msamaha: kitu kisichopimwa kutoka vituo viwili hakiingii karatasini. Na aliyepewa kazi ya kukagua lile daftari alikuwa mkewe.

“Hiki kiduara hakichoreki,” alimwambia mbele ya watu. “Kina kipimo kimoja.”

“Nilikunywa maji yake!”

“Maji hayachorwi kwa kunywa.”

Chumba kizima kilicheka. Alipomwomba kwa sauti ya chini, akimwita mke wangu, alimjibu kwa sauti ya juu: “Mume ni mume nyumbani. Hapa wewe ni daftari.” Watu wakacheka zaidi, na kauli ile ikawa wimbo wa ofisi kwa miaka. Ramani ikatoka bila chemchemi, na kwa kuwa karatasi ya kisiwa kikavu lazima ibebe onyo, Mama Mstari akachovya kalamu akaandika onyo.

Hatua hakununa. Si mtu wa kununa. Nyumbani alimwambia tu, “Iko siku tutakwenda wote. Utaipima wewe mwenyewe.” Lakini baada ya hapo, akirudi safari, alikuwa akimletea vipimo tu. Zamani alimsimulia mpaka harufu za mahali. Mama Mstari aliliona hilo mapema, akajiambia litapita. Wakazaa, wakajenga, wakasomesha, na ile siku ya kwenda wote ikasogezwa mwaka hadi mwaka, mpaka mguu ukakataa. Sasa asiyeweza kwenda ndiye aliyekuwa na haja ya kwenda, na mwenye kwenda alikuwa na haja zake.

Jumatano binti yao, muuguzi, alipiga simu.

“Mama, likizo nimepewa. Baba nitamlisha, nitamwogesha, tutagombana kama kawaida yetu, na utamkuta mzima. Wewe chagua tu.”

“Baba yako anataka niende Kumi na Tisa.”

“Amekwambia?”

“Hajaniambia.”

“Sasa umejuaje?”

“Kwa kuwa hajaniambia. Baba yako mtu wa kunyamaza?”

Binti alicheka, kisha akauliza polepole, “Na wewe, mama, unataka wapi?” Mama Mstari alisema chakula kinamwungulia, akakata simu. Hakukuwa na kitu jikoni.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, Hatua aliona ncha za vipeperushi zimetokeza chini ya chungu cha maua. Alivitazama kwa muda.

“Ile chemchemi,” alisema.

Mama Mstari alikuwa anafuta meza. Aliendelea kufuta palepale.

“Haikuwapo. Yalikuwa maji ya mvua yaliyotuama kwenye mwamba. Nilijua siku ileile nikiwa botini, nikaona haya kusema. Halafu ukanikatalia mbele ya watu, nikaona afadhali nionekane nimeonewa. Kwa hiyo usijisumbue na Kumi na Tisa. Kule hakuna kitu. Nenda ukaone maua yako.”

Kwanza Mama Mstari alifurahi. Tusimfiche. Alihisi kifua kinapanuka, na mbele ya macho yake akaiona ghuba ya kaskazini, na miguu yake mwenyewe imesimama ndani ya maji. Baada ya furaha ikaja hasira: miaka ishirini na tisa anajiuma vidole kwa ajili ya dimbwi! Alikwenda chumbani kupiga pasi, maana yeye hasira zake huishia kwenye nguo.

Alifika kwenye mkono wa shati la pili akasimama. Mtu huyu aliwahi kurudi nyuma mwendo wa saa nne, mizigo mgongoni, kwa sababu alihisi amepoteza hesabu ya hatua moja. Hatua moja. Mtu huyu hata akisimulia ndoto husema mlango ulikuwa upande gani. Ndiye aliyeshindwa kutofautisha chemchemi na dimbwi la mvua? Au ameamua kujipaka matope, yeye aliyeishi kwa jina la kutokosea, ili mkewe apande boti moyo mweupe? Shati lilianza kunuka kuungua, akaliondoa.

Lakini Mama Mstari hakuwa mtu wa kukubali jambo kwa kuhisi, hata lililo tamu. Na palikuwa na ujanja mmoja wa ofisini kwao ambao wakaguzi walirithishana: ukitaka kujua kama mpima alifika mahali, usimuulize. Mwonyeshe kosa.

Ijumaa asubuhi, mzee bado anaoga kwa msaada wa jirani, alipanda stuli akashusha bomba la ramani lililokuwa juu ya kabati. Alitandaza karatasi ya Kumi na Tisa mezani, akaizuia pembe kwa vikombe. Daftari lilibaki ofisini, lakini vile vipimo vya upande mmoja alivikumbuka kama tarehe ya kuzaliwa mwanawe: nyuzi mia mbili na kumi na mbili, hatua mia tatu na arobaini kutoka kituo cha kusini. Alijua kiduara kinapaswa kukaa wapi. Akachovya kalamu kwenye wino wa buluu, akakichora mahali pengine, upana wa ukucha upande wa magharibi. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kuchora uongo.

Alimletea mzee ile karatasi pamoja na chai.

“Nini hiki?”

“Tazama.”

Hatua alivaa miwani kwa mkono mmoja. Alitazama. “Umechora kitu ambacho hakipo.”

“Nimechora.”

“Jana nilikwambia.”

“Nilisikia. Kinakukera nini hapo? Kiache.”

Alikiacha. Alikunywa chai, akasifu chai, akauliza jirani ameondoka saa ngapi. Kisha akaivuta tena karatasi. Akaisukuma. Mama Mstari alikuwa amekaa mkabala naye, mikono mapajani, kama msichana anayengoja majibu ya mtihani.

“Hapa ni mteremko,” alisema Hatua. “Mtu akija kutafuta maji hapa atavunjika shingo.”

“Kwani si hakuna maji? Atakuja kutafuta nini?”

“Hata kama! Kitu kikichorwa, watu huamini.” Jasho jembamba lilimtoka juu ya mdomo. Halafu kidole chake kikaenda chenyewe, kikasogea mashariki upana wa ukucha, kikasimama. “Iko huku. Chini ya jiwe lililopasuka. Ukisimama huioni, mpaka upige magoti, na ukipiga magoti unasikia kwanza ndiyo unaona.”

Palikuwa palepale. Nyuzi mia mbili na kumi na mbili, hatua mia tatu na arobaini, bila kupungua unyayo.

Aliinua macho akamkuta mkewe analia.

“Umenitega,” alisema.

“Nimekutega, mzee wangu.”

Akacheka, cheko lake lile la kusukuma mabega, bega moja tu sasa, na katikati ya kicheko sauti ikamkatika. “Yalikuwa baridi,” alisema. “Siku arobaini nilikuwa nakunywa maji ya pipa yenye ladha ya kutu. Niliyanywa yale mpaka meno yakauma. Nikakaa pale chini nikasema, nikifika nitamwambia. Sikufikiria kitu kingine usiku kucha. Nitamwambia.”

“Ukaniambia.”

“Nikakwambia.”

“Nikakuambia wewe ni daftari.”

“Ulifanya kazi yako.”

“Nilifanya kazi yangu. Na nilikukosea. Yote mawili, mzee. Nilitaka wacheke, ndiyo maana nilisema kwa sauti. Nilikuwa mwanamke peke yangu mle ndani na nilitaka waone sina upendeleo. Nikakuuza wewe.” Hakuwahi kulisema hata kwa nafsi yake, na sasa limetua mezani, kati ya vikombe. “Nisamehe.”

Hatua aliusukuma mkono wake mzima juu ya karatasi mpaka ukaugusa wa mkewe, na wakakaa hivyo. Baadaye Mama Mstari aliinuka akatafuta wembe. Alikikwangua kile kiduara cha uongo taratibu, akapuliza vumbi la wino, akachora kingine mahali pa kweli. Kisha, kwa wembe uleule, akakwangua maneno matatu yaliyokuwa pembezoni.

“Nitakwenda Kumi na Tisa,” alisema. “Nikupigie magoti kwenye hilo jiwe. Nikuletee chupa.”

“Hapana.”

“Si ndicho ulichokitaka miaka yote?”

“Nilitaka uniamini. Ukienda kule sasa utakuwa unakwenda kukagua.” Alisema kwa upole, lakini ilikuwa sauti yake ya kazini. “Nimekaguliwa vya kutosha, bibie. Wewe unataka wapi?”

Hili swali lilikuwa la pili wiki ile, na safari hii jiko lilikuwa limezimwa. Mama Mstari alitazama mikono yake, yenye wino wa buluu kwenye kucha.

“Kumi na Nne,” alisema. Sauti ilimtoka ndogo mno, ikabidi arudie. “Nataka Kumi na Nne. Nimekitaka mpaka nimeona aibu. Kila ulipofunga mzigo wako nilikuwa nakusindikiza kituoni, halafu narudi nyumbani nakuonea wivu, nalia, napika.”

“Najua.”

“Unajua nini wewe?”

“Ulikuwa unazidisha chumvi kwenye mchuzi kila nikiondoka. Binti yako alinishtakia.”

Ilikuwa imebaki robo saa kufika adhuhuri alipopiga simu. Mwanamke wa safari alimsalimia, akapokea jibu, akauliza namba ya viatu na kama anaogopa maji marefu. Mama Mstari alijibu kila kitu amesimama wima, kama aliyeitwa na mkuu wa shule. Alipoiweka simu, Hatua alikuwa tayari ameiomba karatasi ya Kumi na Nne, ameitandaza magotini, na anaanza kumpitisha njia: ashukie wapi, jiwe gani linateleza, hema lisikae karibu na kijito kwa sababu ya mbu, asubuhi apande kwa upande wa mashariki kabla jua halijakolea. Na sasa alisimulia kila kitu: harufu ya majani yaliyolowa, sauti ya wale ndege wakigombania nafasi, namna upepo unavyogeuka ghafla saa tisa. Mama Mstari alivuta kiti akakaa karibu, akasikiliza, na mzee alipofika kwenye ghuba ya kaskazini akamziba mdomo kwa kiganja.

“Rangi ya mchanga usiniambie.”

Hatua aliitikia kwa kichwa. Alipoachiwa mdomo akawa anakunja na kukunjua pembe ya karatasi.

“Watakuweka huko muda gani?”

“Siku tisa.”

Hatua, ambaye hakuwahi kurudi kutoka kisiwa chochote kabla ya wiki ya sita, aliitazama ile ramani, kisha akamtazama mkewe.

“Ni nyingi sana hizo,” alisema.